Mazoezi Hayawekwi Akiba

Pangani, Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako amenieleza habari ya kisukari ulichopimwa, akanituliza kwamba dawa unameza na kila Jumapili unashuka uwanjani na maveterani wenzako. Nimeshukuru. Ila amesema pia kwamba kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi unakwenda dukani kwa bodaboda, unakaa kitini mpaka jioni, na bodaboda inakurudisha. Hapo nina neno.

Misuli ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia, hata kwa mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi sawasawa. Ukishapumzika, mwili hubaki ukiiitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja, pengine mbili, kisha faida hiyo huisha. Mpira wa Jumapili basi unakufaa Jumatatu, labda na Jumanne. Siku zinazobaki huna kitu, maana mazoezi hayawekwi akiba. Ndiyo sababu wataalamu wanashauri angalau dakika 150 kwa wiki, zigawanywe, na zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Nusu saa kwa siku 5 inatosha kutimiza hesabu.

Usiniambie nafasi huna. Kutoka Makorora hadi dukani kwako Ngamiani ni njia tambarare, na barabara zenyewe zina namba. Huhitaji saa ya kuhesabu hatua: wiki hii shuka kwenye bodaboda barabara 5 kabla ya duka umalizie kwa miguu, wiki ijayo barabara 10, mpaka uiache kabisa. Tembea kwa haraka kiasi cha kuweza kuzungumza lakini usiweze kuimba. Au itoe ile baiskeli ya marehemu babu yako ukaitie mipira mipya. Tanga ni mji wa baiskeli, hakuna atakayekushangaa.

Wakati nao una maana yake. Sukari hupanda zaidi baada ya kula, hasa mlo wa wali wa nazi au mihogo. Ukila chakula cha usiku usijinyooshe kwenye mkeka papo hapo. Tembea robo saa mtaani, usalimie watu, urudi. Dukani nako, kila nusu saa inuka. Huna haja ya kumwita kijana akushushie kila kopo la rangi. Na mara mbili au tatu kwa wiki fanya kazi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta kwa mikono, kunyanyua kitu kizito kiasi. Misuli ikiongezeka, sukari inapata mahali pengi zaidi pa kutumika.

Sasa tahadhari, na hizi uzishike. Muulize daktari wako dawa unazotumia ni za namna gani. Metformin peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, lakini glibenklamaidi na insulini zinaweza, hasa ukicheza mpira tumbo likiwa tupu. Kama unatumia mojawapo, pima kabla ya kuingia uwanjani. Ikiwa chini ya 5 mmol/L, kula kitu kwanza. Ukiona unatetemeka, jasho baridi linakutoka na njaa imekushika ghafla, simama hapo hapo, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, ungoje robo saa upime tena. Waambie wachezaji wenzako hali yako. Hilo si jambo la kuonea haya.

Miguu nayo ichunge. Kisukari huleta ganzi, na mwenye ganzi hukanyaga msumari asijue. Vaa raba zinazokutosha na soksi, zikung'ute kabla ya kuvaa, na kila usiku tazama nyayo na katikati ya vidole. Ukienda kupunga upepo Raskazone, usitembee pekupeku kwenye mawe ya pwani.

Mwezi wa Ramadhani, kama daktari amekuruhusu kufunga, mazoezi mazito ya alasiri yaache, kwa kuwa saa hizo sukari iko chini. Tarawehe ni mazoezi, ihesabu. Na sukari ikishuka chini ya 3.9, fungua, dini imempa mgonjwa ruhusa.

Neno la mwisho si lako peke yako. Utafiti wa vijijini Kilimanjaro, Morogoro na Mara uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliochanganya mijini na vijijini, ulikuta karibu 9 kati ya watu 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo havikuwa sawa kabisa, lakini ongezeko ni kubwa. Wadogo zako wana damu moja na wewe. Marekani, utafiti uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari, walipopunguza uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa metformin walipunguza kwa asilimia 31. Hiyo ni kwa ambao hawajaugua. Wewe dawa usiiache hata siku moja bila daktari kusema.

Basi wapeleke wadogo zako wakapimwe, kisha muwe mnatoka pamoja. Andika sukari yako kwenye daftari kabla na baada ya kutembea, ulipeleke kliniki. Anza kesho baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Wabillahi tawfiq.

Mjomba wako