NANI ALICHAGULIWA KUISEMEA DINI?



Ndugu zangu, kijana mmoja wa chuo, niliyemsomesha Juzuu Amma tangu hajaota ndevu, alinijia na simu mkononi. "Ustadhi, tangu niangalie hii, nikisimama kwenye swala nasikia vicheko." Kauli ile haikunitoka. Wapo ambao wangemwambia aifute tu na alete istighfari. Mimi nilimwambia tukae tuiangalie wote.

Filamu yenyewe ni Religulous, ya Marekani, mwaka 2008. Mchekeshaji Bill Maher anazunguka na kamera, kuanzia kanisa la madereva wa malori hadi Vatican, Jerusalem na Amsterdam, akiwauliza Wakristo, Mayahudi na Waislamu juu ya imani zao. Mwongozaji ni Larry Charles, yule yule wa Borat. Wanaohojiwa ni watu wa kweli, ndiyo maana mtazamaji anaipokea kama ushahidi.

Nikamwambia kijana: safari hii usimsikilize Maher. Tazama ni nani aliyechaguliwa kuisemea dini. Yupo mwigizaji anayecheza nafasi ya Yesu kwenye bustani ya maonyesho kule Orlando. Yupo mtu anayedai kwamba yeye ndiye Yesu aliyerudi. Wenye elimu nao wamo: padri George Coyne, mwanafalaki aliyewahi kuongoza kituo cha Vatican cha kutazama nyota, na Francis Collins, mwanasayansi aliyeongoza mradi mkubwa wa kusoma jeni za binadamu. Hao wamepewa dakika chache.

Kisha tazama kazi ya mkasi. Mtu anaulizwa, anasita kidogo, mara inachomekwa picha ya filamu ya zamani, au yanapita maandishi ya kejeli naye bado anazungumza. Mtazamaji keshacheka. Pengine yule bwana alijibu vizuri sekunde kumi baadaye, sisi hatutajua. Tena watengenezaji walipoomba mahojiano hawakutaja jina halisi la filamu. Waliwaambia watu inaitwa A Spiritual Journey, yaani safari ya kiroho. Mtu kamkaribisha mgeni sebuleni, kumbe mgeni kaja kumpiga picha akiwa amekosa la kusema.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tuchunguze habari tunayoletewa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Aya hii tunaisoma sana tukisemwa sisi. Wanaposemwa wengine tunaisahau, na hapa ndipo ninapotaka tusemezane ukweli.

Zile klipu za mchungaji anayefanya muujiza wa uongo, nani anazisambaza kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kwa vicheko? Ni sisi. Mchungaji wa mtaani, ambaye msibani anakaa nasi mkekani, naye anaonekana tapeli kwa sababu ya mtu asiyemjua. Suratul An'am, aya ya 108, inatukataza kuvitukana wanavyoviomba wasiokuwa sisi, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa jeuri. Na vichekesho vyetu vya Kiswahili je? Akitokea mtu na kanzu, kofia na tasbihi, mara nyingi ni mganga wa majini au ustadhi anayewatongoza wake za watu. Tunacheka, tunasambaza, halafu tunalalamika watoto wetu hawataki kuvaa kofia.

Kijana aliniuliza: kwa hiyo Maher ni mwongo mtupu? Nikamwambia hapana. Lipo swali lake moja la haki: mtu wa dini anapataje uhakika juu ya jambo ambalo hata kulieleza hawezi? Swali hilo linatuhusu sisi tuliokaririsha watoto bila kuwafahamisha. Nimemtaka aje nalo darsani Jumamosi, alisome mbele ya wenzake, tulijibu kwa dalili.

Na enyi viongozi wa misikiti, akija mtu na kamera msimfukuze, wala msimkimbilie kwa furaha. Muulizeni filamu inaitwaje na nani anailipia. Mpelekeeni mwenye elimu ya swali lake, si mwenye sauti kubwa. Na simu yenu iwe inarekodi mazungumzo yote, tangu salamu mpaka kuagana.

Wallahu a'lam.