Suan Mokkh: Bustani ambako watu hufunzwa kupumua

KUPUMUA ni kazi ambayo hakuna anayepelekwa shule kujifunza. Mtoto huianza mara tu azaliwapo na mzee huiacha siku anapoaga dunia. Baina ya siku hizo mbili, ni wachache wetu ambao huifikiria pumzi hata mara moja, isipokuwa tukishikwa na mafua au tukipanda mlima.

Lakini kusini mwa Thailand kuna mahali ambapo watu kutoka pembe zote za dunia hufunga safari, wakaketi chini kwa siku kumi bila ya kuzungumza, ili wafunzwe jambo hilo hilo: kuvuta pumzi na kuitoa.

Mahali hapo panaitwa Suan Mokkh, maana yake Bustani ya Ukombozi. Pako karibu na Chaiya, mji mdogo katika mkoa wa Surat Thani, yapata kilomita 600 kusini mwa Bangkok. Njia nzuri ya kufika huko ni garimoshi la usiku. Unalala ukiwa umeacha nyuma msongamano wa jiji kuu, na kunapopambazuka ukichungulia dirishani utadhani uko Kwale au Kilifi: minazi, mashamba ya mpunga, ng'ombe waliofungwa kamba, na joto ambalo huanza kuuma hata kabla ya saa mbili asubuhi. Chaiya penyewe panasifika kote nchini humo kwa mayai ya bata yaliyotiwa chumvi, na mgeni hawezi kupita bila ya kuyaona yakiuzwa.

Hekalu lisilo na paa

Aliyeanzisha Suan Mokkh ni mtawa wa dini ya Kibuddha aliyejulikana kwa jina la Buddhadasa. Alizaliwa mwaka 1906 katika kijiji cha Phumriang, hapo hapo Chaiya. Baba yake alikuwa mwenye duka, mtu wa asili ya Kichina. Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 20, kijana huyo alinyoa nywele na kuvaa vazi la utawa. Vijana wengi wa huko hufanya hivyo kwa miezi michache tu kisha wakarudi nyumbani kuoa na kulima. Yeye hakurudi.

Alikwenda Bangkok kusoma, lakini jiji halikumpendeza. Aliliona chafu na lenye kelele, na baadhi ya watawa aliowakuta huko walijali vyeo na starehe kuliko mafunzo. Mwezi wa Mei 1932 alirudi kwao na kuingia katika hekalu moja lililohamwa na kumezwa na msitu. Ndugu yake mdogo alibaki nyumbani kutunza mali ya familia na kumsaidia, na mwaka uliofuata wakaanzisha jarida la kueneza mafunzo ya dini yao. Katika miaka ya 1940 Suan Mokkh ilihamia pale ilipo sasa, kwenye msitu ulio chini ya kilima kidogo.

Aliyezoea kuona picha za mahekalu ya Thailand yenye mapaa ya dhahabu atashangaa. Uwanja wa kukutania ni mchanga mtupu chini ya miti, na viti ni mawe. Juu ya kilima, pale ambapo hekalu lingejengwa, hakuna ukuta wala paa. Nguzo ni miti na dari ni mbingu. Buddhadasa alisema kwamba Buddha alizaliwa nje, akapata mwangaza akiwa chini ya mti na kufariki nje, kwa hivyo wafuasi wake hawana haja ya majumba makubwa.

Kuna pia kidimbwi cha maji ambacho katikati yake umesimama mnazi mmoja peke yake juu ya kisiwa kidogo. Mnazi huo unatokana na wimbo wa zamani ambao akina mama wa kusini mwa Thailand huwabembelezea watoto. Wenyeji hueleza kwamba maji ndiyo mahangaiko ya dunia, leo raha kesho karaha, na mnazi ni amani iliyo katikati yake. Jambo la kutia maanani ni kwamba mnazi hauko ng'ambo ya maji. Umo ndani yake.

Kengele ya saa kumi

Wageni wanaotaka kujifunza hupelekwa kwenye makao mengine, mwendo mfupi kutoka hekaluni, ng'ambo ya barabara kuu. Kwa miaka mingi masomo yamekuwa yakianza tarehe mosi ya kila mwezi. Ada ni ndogo, ya chakula na malazi tu, kwani mafunzo yenyewe hayauzwi.

Ukiingia, unatoa simu na kuiweka chini ya ulinzi. Wanaume wanalala upande wao na wanawake wao. Chumba ni kidogo, kitanda ni jukwaa la saruji lililotandikwa mkeka, na mto ni kipande cha mbao. Wazungu wengi huutazama mto huo kwa hofu. Mkenya aliyepata kumwona mzee wa Kiturkana akiegemeza kichwa juu ya kigoda chake atajua kwamba jambo hilo linawezekana.

Kengele hulia saa kumi alfajiri. Kuna kuketi, kutembea polepole, kusikiliza mafunzo, kufagia na kuosha vyombo. Chakula hakina nyama: uji wa mchele asubuhi, mlo mmoja mchana, na jioni kikombe cha kinywaji cha moto. Jioni pia mtu anaweza kujitosa katika chemchemi ya maji moto iliyomo humo humo kiwanjani. Saa tatu usiku watu wanakwenda kulala. Kwa muda wote huo hakuna kuongea, kusoma gazeti wala kusikiliza redio.

Je, hayo ni mapumziko? La hasha! Ni kazi ngumu kuliko kulima.

Kumfuga kima

Mafunzo yenyewe yanaitwa anapanasati, neno la lugha ya Kipali ambalo maana yake ni kuwa macho juu ya pumzi inayoingia na inayotoka. Hiyo "sati" kwa asili ni kukumbuka. Yaani kinachofunzwa si kuzuia mawazo bali ni kukumbuka ulichokuwa ukifanya, na kukirudia.

Mwanafunzi hukunja miguu na kunyoosha mgongo. Kwanza huijua pumzi ndefu, halafu huijua pumzi fupi, na kuona jinsi kila moja inavyougusa mwili. Pumzi ndefu huutuliza, nayo fupi huenda pamoja na hasira na hofu. Baadaye huifuata pumzi kutoka puani hadi tumboni na kurudi. Akizoea, huacha kuifuata na kubaki mahali pamoja, ncha ya pua, kama bawabu langoni ambaye humwona kila anayeingia na kutoka bila ya kumsindikiza hadi sebuleni. Hizo ni hatua za mwanzo tu. Zote ni 16, zilizogawanywa katika mafungu manne: mwili, hisia, akili, na ukweli kwamba kila kitu hubadilika.

Ukisikia hivyo utadhani ni rahisi. Jaribu kuhesabu pumzi kumi. Kabla ya kufika nne utakuwa umeshafika sokoni, kazini, au kwa yule jirani aliyekutukana mwaka juzi.

Tangu zamani Wabuddha wameifananisha akili na kima anayeliacha tawi moja na kudaka jingine. Mfano huo una uzito wa pekee katika mkoa wa Surat Thani, kwani huko kima halisi hufunzwa kukwea minazi na kuangua nazi. Kazi hiyo imeleta ubishi mkubwa, na mwaka 2020 baadhi ya maduka makubwa ya Uingereza yaliondoa bidhaa za nazi kutoka Thailand kwa madai kwamba wanyama hao huteswa. Yawe yawavyo, kwa kima aliye ndani ya kichwa, walimu wa Suan Mokkh wana jibu moja: usimpige. Akili ikitoroka, itambue kwamba imetoroka, kisha uirudishe kwenye pumzi bila ya kuikaripia. Ikitoroka mara mia, irudishe mara mia. Huko kurudisha ndiko mazoezi yenyewe.

Mimi nilifika huko mwaka uliofuatia kifo cha mama yangu. Siku tatu za kwanza sikuona pumzi wala amani. Niliona bili ya hospitali, michango ya mazishi, na maneno ambayo ndugu zangu nami tulirushiana baada ya matanga. Siku ya nne alfajiri, katikati ya giza na milio ya wadudu, ilinijia sauti ya mama akiuliza kama nimekula. Kifua kilibana na pumzi ikawa fupi kama ya mtu anayekimbia. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba pumzi fupi ijulikane kuwa ni fupi, basi. Nikaijua kuwa ni fupi. Machozi yalitoka, yakakauka, na pumzi ikarefuka yenyewe bila ya mimi kuilazimisha.

Bili haikupungua hata shilingi moja. Lakini nilitambua kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa nikiilipa kila usiku kitandani, na asubuhi deni liko pale pale.

Je, ni kubadili dini?

Msomaji aliye Mkristo au Mwislamu ana haki ya kuuliza swali hilo. Suan Mokkh ni mahali pa dini, na hakuna anayeficha jambo hilo. Kila siku kuna sala za Kipali na mafunzo ya Buddha, mwalimu aliyeishi kaskazini mwa Bara Hindi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Hata hivyo, hakuna anayelazimishwa kukiri imani. Buddhadasa mwenyewe alialikwa mwaka 1967 na chuo cha theolojia cha Wakristo mjini Chiang Mai kutoa mihadhara kuhusu Ukristo na Ubuddha. Alikuwa na nia tatu maishani: kila mtu aifikie kiini cha dini yake mwenyewe, watu wa dini mbalimbali waelewane, na binadamu ajitoe katika utumwa wa mali. Kwa maneno mengine, hakutaka Mkristo aache kanisa lake. Alitaka alielewe.

Kuna pia wanaoyatumia mazoezi haya nje ya dini kabisa. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya majuma manane kwa wagonjwa wenye maumivu na wasiwasi wa muda mrefu, na tangu hapo yameenea katika hospitali za nchi nyingi. Lakini pumzi si badala ya dawa. Mtu aliyezama katika huzuni nzito amwone daktari kwanza, kwa maana siku kumi za kimya zinaweza kumzidi nguvu.

Buddhadasa aliugua kiharusi mwezi wa Mei 1993. Alikuwa amesema wazi kwamba angependa kufa kwa njia ya asili, katika msitu wake, bila ya mitambo. Hata hivyo alipelekwa hospitali Bangkok, na nchi nzima ikabishana kama ilikuwa haki. Mwishowe alirudishwa Suan Mokkh, na huko ndiko alikofia tarehe 8 Julai 1993. Alichomwa bila ya fahari, kama alivyoagiza.

Si kila mtu atapata nauli ya kwenda Chaiya, wala si lazima. Tafuta mahali patulivu nyumbani, hata kama ni ukingoni mwa kitanda. Keti ukinyoosha mgongo, fumba macho na uijue pumzi inapoingia na inapotoka. Akili ikienda sokoni, irudishe polepole. Dakika kumi zinatosha kwa kuanzia. Afadhali iwe alfajiri, kabla watoto hawajaamka na kabla hujawasha redio.