Kitu Kinachofunguka

Karatasi zilimwishia David Livingstone katika nchi ya Manyema, ambayo leo ni Maniema, mashariki mwa Kongo. Huko Kabambare, aliyoiandika Bambarre, alikwama tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, mwanzoni kwa vidonda vya miguu. Shajara yake ya 1871, ambayo sehemu kubwa aliiandikia Nyangwe, karibu na Kasongo, iko juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, The Standard, kwa wino aliojitengenezea kwa rangi ya kienyeji ya nguo. Wino ulififia, na ilibidi wataalamu wapige picha kurasa hizo kwa mianga ya aina mbalimbali ndipo mwaka 2011 maandishi yakasomeka tena. Wasimulizi wa kisa hiki humhurumia mgeni kwa dhiki yake. Sisi wa Maniema ya kusini tuna haki ya kukisoma vingine: kutumia kilichopo mpaka kiishe ndivyo nchi hii ilivyoishi miaka nenda miaka rudi. Na ikiwa leo desturi hiyo inafifia, tusikimbilie kulaumu tamaa ya vijana. Vitu vyenyewe vimebadilika.

Enzi hizo watu walivaa nguo zilizofumwa kwa nyuzi za mwale, na vipande vya nguo hizo vilikuwa pia fedha sokoni. Merikani, yaani kitambaa cha pamba cha Marekani, ikaja na misafara ya wafanyabiashara akina Tippu Tip. Kisha Wabelgiji, kwa sheria ya 1917 ya kilimo cha lazima, wakawalimisha watu pamba: pamba ikaondoka, nguo ikarudi ikiuzwa. Hata hivyo nguo ya dukani haikuua ufundi. Shati liligeuzwa kola, likakatwa likawa la mtoto, mwisho likawa tambara la kuepulia sufuria. Katika vita vya 1998 hadi 2003, barabara na reli zilipokatika, kinga, yaani baiskeli, ndiyo iliyokuwa lori. Itazame inavyopakiwa hata sasa. Mara nyingi pedali zimeng'olewa, kwa kuwa haipandwi bali inasukumwa. Fito moja imefungwa kwenye usukani ili msukumaji aiongoze akiwa pembeni, nyingine imesimamishwa nyuma ya kiti. Fremu imeongezewa nondo, na bidoni za mawese zimekazwa kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka tyubu zilizochakaa. Hakuna kiungo chake ambacho fundi wa kijijini hawezi kukifungua, kukigonga au kukichomelea.

Sasa chukua simu. Zile za mwanzo betri zake zilitolewa kwa ukucha. Nyingi za leo zimezibwa kwa gundi, na fundi akizilazimisha kioo hupasuka. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Hasara hiyo inatugusa mara mbili, maana bati la kuunganishia sehemu za simu hutoka katika kasiterite na tantalamu hutoka katika koltani, madini yanayochimbwa Maniema. Simu isiyotengenezeka ikitupwa mapema, mahali fulani shimo jingine litachimbwa kwa ajili ya mpya, na huenda likawa kwetu.

Wapo watakaosema kwamba kumhubiria mtu wa Kabambare asinunue kipya ni kumdhihaki, kwani hicho kipya anakinunua lini? Ni kweli, na ndiyo maana simwambii afunge mkono. Lakini maskini ndiye anayeumizwa zaidi na kitu kibovu: tochi ya bei ya chini inayokufa kila baada ya miezi michache humlia fedha nyingi kuliko tochi nzuri moja. Wengine watauliza mchimbaji atakula nini dunia ikipunguza kununua. Hoja hii ni nzito zaidi, kwa sababu familia nyingi zinategemea shimo. Ila mgodi si mlezi wa kuaminika. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, katika teritwari yetu ya Kabambare, ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 chini ya Banro ya Kanada. Mwaka 2019 kazi zikasimama kwa ukosefu wa usalama. Fundi wa kinga hakufunga kibanda. Fedha anayolipwa hubaki sokoni hapo hapo, na kijana anayemshikia spana anaondoka na ujuzi.

Matajiri nao wameanza kuurudia ukweli huu. Januari 2021 Ufaransa ilianza kutaka baadhi ya vifaa, simu zikiwemo, viuzwe vikiwa na alama inayoonyesha urahisi wa kuvitengeneza, na kuanzia Februari 2027 sheria ya Umoja wa Ulaya itataka betri za vifaa vingi vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Soko kubwa namna hiyo linaweza kudai masharti kama hayo forodhani, kabla vitu visivyofunguka havijamwagwa kwetu. Wakati tukiidai sheria hiyo, kila mnunuzi ana uwezo wake mdogo. Kabla hujatoa fedha, muulize muuzaji ni fundi gani wa hapa anayeweza kukifungua. Asipokuwa na jibu, mwachie kitu chake.