Sikuuliza Marehemu Alikufa kwa Nini

Nimepotea hapa kibarazani karibu mwezi mzima na wengine mmeniuliza kama naumwa. Siumwi. Kuna jambo nilitaka kuliandika nikawa naliogopa. Leo nimeamua kuliandika hivyo hivyo, maana gazeti ninalofanyia kazi halina ukurasa ambao mwandishi anaweza kukaa na kusema "nilikosea". Na mimi nilikosea.

Ilikuwa mwaka juzi, wakati wa masika. Kijana mmoja anayenipa habari za vijiji vya kando ya Ziwa Victoria alinipigia simu usiku. Kuna msiba, akasema, watu wamekula chakula na sasa wanatapika na kuharisha, wengine wamekimbizwa zahanati kwa bodaboda. Watu wanasema kuna sumu kwenye wali.

Nikauliza maswali tuliyofundishwa chuoni: nani, nini, wapi. Nikampigia kiongozi mmoja wa kijiji, akasema kweli watu wanaumwa na inasemekana ni sumu. Nikapiga simu polisi, wakasema mpishi anahojiwa. Vyanzo vitatu! Nikaona kazi imekwisha. Habari ikatoka ukurasa wa mbele: waombolezaji wala sumu msibani. Kichwa cha habari alikitunga mhariri, lakini habari ni yangu, kila neno. Siku ile nilitembea kifua mbele.

Siku nne baadaye majibu ya maabara yakatoka. Kipindupindu.

Mnadhani tulifanya nini? Tuliandika habari nyingine, fupi, ukurasa wa ndani, kwamba kipindupindu kimeingia kijiji fulani na wananchi wanaaswa kuchemsha maji. Neno sumu halikutajwa. Kama vile gazeti la wiki iliyopita lilikuwa la watu wengine.

Mimi nilitumwa kwenda kuandika habari za kambi ya wagonjwa, na huko ndiko nilikokutana na afisa afya mmoja, mama wa makamo, mwenye kaunta buku kubwa aliyoipiga mistari kwa rula. Sitamtaja jina. Nilimwomba takwimu, yeye akanionyesha daftari. Jina, umri, jinsia, kitongoji, siku aliyoanza kuumwa, siku aliyofika kituoni, alikula nini, anachota maji wapi. Kila mgonjwa mstari wake.

"Mdogo wangu," akaniambia, "nyinyi mnahesabu watu kwa siku waliyofika zahanati. Sisi tunawapanga kwa siku waliyoanza kuumwa. Sasa soma mistari mitatu ya juu."

Nikasoma. Wa kwanza alikuwa mzee aliyeanza kuharisha Jumanne, akafa kabla ya kupelekwa popote. Wa pili na wa tatu ni majirani zake, walianza Jumatano. Chakula cha msiba kilipikwa Alhamisi.

Ndugu zangu, nilirudia kusoma zile tarehe mara tatu. Watu wawili walikuwa wanaumwa kabla sufuria halijabandikwa mekoni. Na yule wa kwanza ndiye marehemu mwenyewe, ndiye aliyewakusanya wale waombolezaji. Mimi niliandika habari nzima ya msiba na sikuuliza marehemu alikufa kwa nini.

Yule mama hakukipuuza chakula, na hili nataka mlielewe. Kipindupindu kinaweza kabisa kusambaa kwa chakula cha msibani, hasa kama waliomhudumia mgonjwa au kumwosha marehemu ndio hao hao wanaopakua. Kwa hiyo aliuliza wote: waliokula wakaumwa, waliokula wasiumwe, na walioumwa bila kula. Hawa wa mwisho ndio waliomsaidia zaidi, maana kulikuwa na watu walioumwa ambao hawakufika msibani kabisa. Kilichowaunganisha wengi wao na wale watatu wa mwanzo ni kisima kimoja kifupi kilicho bondeni, ambacho mvua ilikuwa inakimwagia maji ya kutoka kwenye vyoo vya juu. Kijidudu cha kipindupindu kikishaingia mwilini huchukua kati ya saa chache na siku 5 mtu kuanza kuharisha. Ukiwa na tarehe sahihi unaweza kurudi nyuma kidogo kidogo mpaka ukafika mahali alipokipatia. Bila tarehe, unabaki na hadithi.

Nilimuuliza alijuaje kuanzia hapo. Akacheka. Akasema kwenye kazi yao maswali makubwa ya mwanzo ni matatu: nani anaumwa, wapi, na lini. Kwa nini huja baadaye. Nikashtuka kidogo, maana hayo ni maswali yetu sisi waandishi! Tofauti ni kwamba mimi nililiruka lini nikakimbilia kwa nini, kwa sababu kwa nini ndiyo inayouza gazeti.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kuhusu kazi hii ya kufuatilia milipuko, na kuna kitu kimoja kimenikaa kichwani. Uvumi una nusu mbili. Nusu ya kwanza inasema kuna kitu kinatokea, mahali fulani, kwa watu fulani. Nusu ya pili inasema sababu yake: sumu, uchawi, laana, wageni. Nusu ya kwanza mara nyingi ina ukweli, kwa sababu watu wana macho na wanazika wafu wao wenyewe. Nusu ya pili mara nyingi ni hofu inayotafuta wa kumlaumu. Mchunguzi mzuri anaipokea ya kwanza kwa mikono miwili, na ya pili anaiweka kando mpaka apate ushahidi. Mimi nilifanya kinyume chake.

Tazameni mfano wa Kagera. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa kule waliona ugonjwa unaowakondesha vijana mpaka wanakwisha, wakauita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa rasmi mkoani humo mwaka 1983. Nguo haikuwa na kosa lolote. Lakini tazama jina lenyewe lilivyobeba habari: mpakani, biashara, vijana wanaosafiri. Wananchi walikuwa wamekwishajibu nani na wapi. Walikosea kwa nini tu.

Au tazameni mwaka 2003. Mnamo Februari, kabla dunia haijalijua neno SARS, kuna swali lilitumwa kwenye mtandao wa barua pepe wa wataalamu unaoitwa ProMED. Mtu aliuliza tu kama kuna mwenye habari za watu kufa huko Guangzhou, China. Swali hilo lilisambazwa Februari 10. Kesho yake mamlaka za China zikatangaza wagonjwa 305 na vifo 5. Baada ya ugonjwa ule, Kanuni za Kimataifa za Afya ziliandikwa upya mwaka 2005, zikaanza kutumika 2007, na sasa Shirika la Afya Duniani linaruhusiwa kupokea taarifa zisizo rasmi, zikiwemo za magazeti, kisha kuiuliza nchi husika kama ni kweli. Maana yake ni kwamba habari ndogo ya mwandishi wa wilayani inaweza kuwa mwanzo wa uchunguzi. Tangu nisome hivyo siandiki tena kwa wepesi ule wa zamani.

Je, inawezekana kusema bila kudanganya wakati hujui sababu? Inawezekana, na nchi yetu imewahi kufanya hivyo. Julai 2022, huko Ruangwa mkoani Lindi, ilitangazwa kwamba kuna watu wenye homa, kichwa, uchovu na damu puani, na kwamba ugonjwa haujajulikana. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 havikuonyesha kitu. Siku chache baadaye likapatikana jina, homa ya mgunda, ugonjwa unaosambazwa na mkojo wa wanyama walioambukizwa, mara nyingi kupitia maji na udongo. Wagonjwa walikuwa 20, waliokufa 3.

Machi 16, 2023 ikawa Bukoba Vijijini. Serikali ilitangaza watu 7 wenye homa, kutapika, kutoka damu na figo kushindwa kufanya kazi, 5 kati yao wakiwa wamefariki. Jina la ugonjwa halikuwepo. Lakini kazi haikusubiri jina: wagonjwa walitengwa na waliotangamana nao wakaanza kutafutwa. Machi 21 likatangazwa jina, Marburg, mara ya kwanza nchini mwetu. Mpaka mwisho walihesabiwa wagonjwa 9 na vifo 6, na watu 212 walifuatiliwa mmoja mmoja. Hebu fikiri maana ya kumfuatilia mtu. Ni mhudumu wa afya kupita nyumba kwa nyumba kila siku kwa siku 21, anapiga hodi, anapima joto, anaondoka, kesho anarudi. Mlipuko ukatangazwa kwisha Juni 2, 2023, baada ya siku 42 kupita bila mgonjwa mpya, yaani 21 mara mbili.

Januari 2025 tukapata somo lingine, safari hii Biharamulo. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa, wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazina Marburg, na Januari 20 Rais Samia akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa kuwa nayo. Kwa siku zile chache sisi waandishi tulikuwa tunajua nini? Tulijua nani na wapi, kwa kiasi. Sampuli zikisema hakuna, hiyo ni habari ya sampuli zile, za siku ile. Mwandishi aseme hivyo hivyo, asiongeze, asipunguze.

Sasa nimalizie lililonifanya nikae kimya mwezi mzima.

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwa yule mpishi. Nilikuwa nimesikia kwamba polisi walimlaza ndani usiku mmoja, wakamwachia. Nilisikia pia kwamba alikuwa akiuza uji na maandazi asubuhi, na baada ya msiba ule wateja walikatika. Nikamkuta uani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu kiti."

Nikajitambulisha. Akaniangalia muda mrefu bila kusema neno. Nikaanza kujitetea, aibu iliyoje, nikamwambia lakini mama, mimi jina lako sikuliandika.

Akasema, "Kijiji hiki misibani tunapika wangapi?"

Sikuwa na jibu. Tulifundishwa chuoni kwamba ukificha jina umemlinda mtu. Kwenye kijiji chenye mpishi mmoja, neno "mpishi" ni jina. Akanieleza mwanawe alivyokuwa akiitwa mtoto wa sumu shuleni. Akanieleza kwamba hata baada ya maafisa wa afya kuitisha mkutano, wakatangaza kwamba ni kipindupindu na kutia dawa kisimani, kuna watu waliendelea kumwambia, "Mbona gazeti liliandika?" Gazeti langu walilitunza. Ile habari ya pili, ya ukurasa wa ndani, hakuna aliyeiona.

Nikamwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikumlazimisha. Kisha akaingia ndani akatoka na kikombe cha uji na maandazi mawili, akaviweka mbele yangu na kukaa kimya akiniangalia mikono. Nikala yote.

Nimemwandikia mhariri kuomba tuchapishe masahihisho yenye ukubwa ule ule na ukurasa ule ule. Ameniambia habari imepitwa na wakati. Nitamwandikia tena wiki hii, na wiki ijayo. Kwa sasa masahihisho ni haya mnayoyasoma: katika msiba ule hakukuwa na sumu, mpishi hakuwa na kosa, na maji ya kisima ndiyo yaliyotiliwa shaka.

Na kwenye daftari langu la kazi nimepiga mistari kwa rula kama yule afisa afya. Nani, nini, wapi, lini. Safu ya kwa nini nimeiweka mwishoni, na nimejifunza kuiacha tupu mpaka maabara iseme. Inauma kupeleka habari yenye safu tupu. Ila nikimkumbuka yule mama na ule uji wake, naiacha tupu.

Haya, tuonane tena panapo majaliwa. Chemsheni maji ya kunywa, masika hayako mbali.