Bili ya maji ambayo hayakutoka

Leo naweka kando mambo ya programu mpya niwasimulie kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya bili kwa shirika moja dogo la maji huko Makueni. Kazi ilikuwa rahisi: msoma mita analeta namba, kompyuta inatoa ile ya mwezi uliopita, inazidisha kwa bei, bili inatoka. Na mita isiposomwa? Nikaweka wastani wa miezi mitatu. Nikajiona mjanja.

Siku moja nyanya mmoja akaingia ofisini, bili mkononi. "Mwanangu, mfereji wangu umekauka tangu Julai. Nanunua maji ya punda. Haya ninayodaiwa niliyanywa lini?"

Sikuwa na jibu ila, "Pole sana, nyanya."

Nilipofungua hifadhidata jasho likanitoka. Nyumba zote za laini yake zilikuwa zimepewa wastani. Na ubaya haukuishia hapo. Shirika la maji hupima hasara kwa kulinganisha maji yaliyosukumwa na yaliyotozwa bili. Tofauti ni yale yaliyovuja, kuibwa au kupita bila kupimwa. Wastani wangu uliongeza maji "yaliyouzwa" kwenye karatasi, hasara ikaonekana ndogo, na hakuna aliyetumwa kutafuta bomba lililopasuka. Ripoti ilinona, lakini pesa za M-Pesa hazikuingia, na stima ya pampu hailipwi kwa ripoti.

Linganisha na Kyuso, kule Kitui. Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walijaribu vifaa vilivyofungwa kwenye mipini ya pampu za mkono. Mpini ukipanda na kushuka, habari zinatumwa kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua. Matengenezo yaliyokuwa yakichukua wastani wa siku 27 yakashuka hadi chini ya siku 3. Kifaa kile hakikujua kukisia.

Basi nikarekebisha programu. Bili ya makisio sasa ina alama yake na haihesabiwi kama mauzo. Mita isiposomwa miezi miwili mfululizo, laini hiyo inaingia kwenye orodha ya fundi. Bili ya nyanya ikafutwa.

Ndugu waandishi wa programu, nafasi tupu kwenye hifadhidata nayo ni habari. Msikimbilie kuijaza.