Mpagazi wa Nyumba Yetu

Ndugu msomaji, huenda nawe katika ukoo wako yumo mtu aliyeingia kwa mlango wa ndoa, mgeni wa lugha na desturi, na leo huwezi kuisimulia nyumba yenu pasipo kumtaja. Kwetu Gerezani mtu huyo alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Sisi ni Wazaramo. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, karani wa mizigo katika reli. Ametutoka, nami napenda nikueleze jinsi alivyokuwa.

Alipoleta posa mwaka 1974, shangazi yetu alinung'unika kwamba Mnyamwezi huyo angempakia mtoto wetu kwenye gari moshi tusimwone tena. Wazee wanaume walicheka tu, maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani, na njia yao ilikatiza nchi ya Wazaramo. Wazee husema utani ulizaliwa hapo: mtu akifia safarini, mbali na kwao, azikwe na nani kama si mtani wake? Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 upagazi ule ulififia, lakini utani ulibaki.

Basi sisi vijana tukamwita Mpagazi. Hakukasirika hata siku moja. Alitujibu kwamba wa kuchekwa ni sisi, kwani Kariakoo tunayojivunia imepata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. "Mji wenu mmeuita kwa jina la wapagazi," alisema, "halafu mnanicheka mimi!"

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha, nalo ni heshima ya ukwe. Kwa malezi yake, mkwe mwanamume hali mbele ya mama mkwe, hamkaribii, wala hamgusi. Sasa fikiri, msomaji: nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, na katikati ukumbi mmoja mwembamba wa kupitia kwenda uani. Mama akitokea jikoni, shemeji ajifiche wapi? Alijitafutia dawa. Kila alipofika mlangoni alikohoa mara mbili, na mama akisikia huingia chumbani mwake. Kwa miaka minane walisalimiana kupitia pazia, yeye amechuchumaa ukumbini, mama ndani akimwuliza habari za kazi na za mvua za Tabora. Akitoka likizo alimletea asali na michembe. Mama naye alimpelekea wali wa nazi, ambao shemeji alikiri kwamba alijifunza kuupenda polepole.

Jumapili moja ya mwaka 1982 mama alianguka uani, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Ilikuwa miaka ya shida ya petroli, na Jumapili magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea baada ya saa nane mchana. Teksi haikuonekana. Wakati sisi tunahangaika na kutazamana, shemeji alitokea mbio, na siku hiyo hakukohoa. Alimwinua mama mkwe wake kwa mikono yake miwili, akamlaza juu ya mkokoteni wa jirani tuliokwisha kuutandika godoro, akaukamata mwenyewe. Tulipotaka kumpokea alikataa. "Acheni," alisema. "Si mlisema mimi ni mpagazi?" Akauvuta hadi hospitali, shati limemganda mgongoni, nasi tukimfuata nyuma.

Mama alipona, ingawa mkono wa kulia haukupata nguvu tena. Siku aliyorudishwa nyumbani, sote tulidhani mambo ya pazia yamekwisha. Jioni tukasikia mlangoni kikohozi, mara mbili. Mama akacheka kitandani mwake, akasema, "Pita, mwanangu." Alipita akiwa ameinamisha macho, akachuchumaa, akamsalimu kama zamani.

Alifariki mwaka 2009. Ndugu zake waliofika kutoka Tabora walitaka wamrudishe kwao, na neno hilo lingeweza kuleta uchungu mkubwa, kwani dada alitaka kuwa karibu na kaburi la mumewe. Tukanyamaza, maana mwenye maiti ni ukoo wake. Ndipo mzee wao mmoja akasema: "Amefia kwa watani wake. Watani wake wamzike." Hapo binamu yangu akajitupa kizingitini, akapiga kelele kwamba maiti haitoki, inadaiwa mahari! Wanyamwezi wakamrushia sarafu mpaka akaridhika. Dada alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha tukamchukua mabegani hadi makaburini, Wazaramo na Wanyamwezi tukipokezana.

Gerezani ya leo ina kituo cha mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016, na nyumba nyingi za vyumba sita zimepisha maghorofa. Watoto wetu huoa na kuolewa kila pembe ya nchi, na wengi hawajui mtani ni nani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, akija kwako mkwe wa kabila jingine, mwulize kwao wanaheshimianaje, nawe umweleze ya kwako. Ukisikia mtu anakohoa mlangoni, usidhani ni mafua.