Mizani ya Jikoni na Gari la Kijana Wetu

Akina mama wenzetu, katika kurasa hizi tumezoea kuandikiana juu ya kunyonyesha, mapishi, malezi na mambo ya ndoa. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie tukizungumza juu ya gari la kuchezea. Tena si lile la kuvutwa kwa kamba na mtoto wa chekechea, bali gari la rimoti lenye urefu wa dhiraa moja hivi, linaloendeshwa na vijana walioanza kuota ndevu na, kama mtakavyoona, na baba zao pia.

Gari hilo lililetwa nyumbani na mjomba wa watoto, ambaye ni baharia. Alilinunua Yokohama likiwa limekwisha tumika, akampa kijana wetu wa kidato cha tatu. Ni la mchezo unaoitwa drifti. Wajapani ndio wenye mchezo huo. Katika miaka ya 1980 dereva wao Keiichi Tsuchiya aliufanya ujulikane kwa kuserereshea gari la kweli ubavu kwenye kona za milimani. Mkia wa gari unatoka nje, magurudumu ya mbele yanatazama upande mwingine, na dereva analishikilia hivyo hivyo mpaka kona iishe. Baadaye wapenzi wa magari madogo, yale ya kipimo cha moja kwa kumi, wakaiga. Kwa kuwa tairi za mpira hushika mno, walianza kwa kuvisha magurudumu vipande vya bomba la plastiki. Siku hizi tairi za plastiki ngumu hutengenezwa viwandani, na ndani ya gari hukaa kidude kinachoitwa jairo, ambacho huhisi mkia unapoanza kuzunguka na kugeuza magurudumu ya mbele upesi kuliko kidole cha mtu.

Gari la namna hiyo haliwezi kutegemea tairi zishike, maana hazishiki. Hutegemea uzito wake umekaa wapi. Na hapo ndipo mizani yetu ya kupimia unga wa keki ilipoingia katika habari hii.

Lakini kwanza tuwaeleze hali ya nyumba. Baba watoto ni dereva wa lori la masafa. Huenda Ndola na Lubumbashi, na safari moja yaweza kula wiki tatu. Alimaliza darasa la saba, na kila shilingi ya karo ya kijana huyu imetoka katika usukani. Mwaka jana ripoti ya shule ilipokuja na alama mbaya za hisabati na fizikia, alisema maneno makali. Kijana naye akajibu kwamba baba hajui hata kilichoandikwa katika daftari hizo. Akina mama, neno la namna hiyo likishatoka halirudishwi kinywani. Toka siku hiyo, baba akirejea safarini yalikuwa ni "Shikamoo baba," "Marahaba," basi. Mmoja akiingia sebuleni, mwingine anakumbuka kazi uani. Tulizungumza na kila mmoja peke yake, tukamwomba mzee wa kanisa azungumze nao, tukapiga magoti. Miezi minane ikapita hivyo.

Katika miezi hiyo kijana alikuwa akiliendesha gari lake Jumamosi jioni katika ukumbi wa kanisa, kwaya ikishamaliza mazoezi, kwa sababu sakafu yake ni ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Wapo wenzetu waliotuuliza kwa nini tunalea upuuzi wa kizungu. Tuliwajibu kwamba tunamwona alipo, na hilo kwa kijana wa miaka kumi na sita si jambo dogo. Hata hivyo gari lenyewe halikumtii. Akikanyaga mafuta, kama wasemavyo ingawa ni betri, magurudumu ya nyuma yalizunguka bure na mkia ukalizungusha gari likatazama lilikotoka.

Siku moja tulikuwa na oda ya keki ya kipaimara, tukatafuta mizani tusiione. Ilikuwa chumbani kwake, gari limekaa juu yake. Alikuwa anapima kama ifuatavyo: magurudumu ya mbele juu ya mizani, ya nyuma juu ya vitabu vyenye kimo kile kile, kisha anageuza. Ni lazima gari lilale sawa, vinginevyo vipimo vitadanganya; na ni lazima libonyezwe mara mbili tatu ili springi zitulie. Mbele ilikuwa gramu 740, na nyuma 740.

Baba watoto alikuwa amerudi siku mbili kabla. Alipita mlangoni, akasimama. Sisi tulikuwa tumesimama pale na bakuli la unga, tukanyamaza kabisa.

"Ekseli ya nyuma haina mzigo," akasema.

Kijana hakuinua kichwa. Akajibu, "Zimelingana."

"Ndiyo shida. Inayosukuma ni ya nyuma. Nusu kwa nusu itasukumaje?"

Pengine wasomaji wetu wengi hamjui lori linavyopimwa. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, jumla ya lori na mzigo isizidi tani 56. Lakini mizani za barabarani hazitazami jumla peke yake; hutazama na kila ekseli. Unaweza kuwa chini ya jumla na bado ukazuiwa kwa kuwa shehena imeegemea upande mmoja. Ndivyo ilivyompata baba watoto mara moja: mzigo ulikuwa halali, ila kundi la ekseli za nyuma lilikuwa limezidi. Yeye na utingo wake wakahamisha magunia kwa mgongo, kutoka nyuma kwenda mbele ya tela, toka saa tisa usiku hadi kulipopambazuka. Hakuongeza gunia wala hakupunguza. Habari hii sisi wenyewe tuliisikia kwa mara ya kwanza siku ile, akimsimulia mtoto huku ameegemea mlango.

Betri ya gari lile ina uzito wa gramu 200. Kijana alisema inaweza kurudishwa nyuma sentimita sita. Baba akafumba jicho moja, akakadiria: nyuma itaongezeka hamsini. Kijana akachukua kalamu. Gramu 200 mara sita, gawanya kwa 25.7, ambazo ndizo sentimita kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Akapata 47 kasoro kidogo. Wakahamisha betri, wakapima: nyuma 787, mbele 693.

"Umejuaje?" kijana akauliza.

"Nimebeba," baba akasema. "Wewe umejuaje?"

Akamwonyesha. Ni ile mada ya nyenzo, ambayo kijana aliifanya vibaya katika mtihani. Aliyewahi kuona mtu akichukua maji kwa mzegazega anaijua bila daftari: ndoo moja ikizidi, bega husogea kuelekea kwenye ndoo nzito mpaka mti utulie. Baba watoto alikaa kitandani, akaomba aonyeshwe tena. Sisi tukaenda kukadiria unga kwa vikombe, na keki, kwa rehema za Mungu, ilitoka vizuri.

Kesho yake baba alikwenda kwa fundi tairi akarudi na vile vipande vya kubandika vinavyotumika kusawazisha magurudumu, vya gramu tano na vya kumi. Hapa tuwakumbushe wenye watoto wadogo: vipande hivyo mara nyingi ni vya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto, ingawa siku hizi viko pia vya chuma. Tuliagiza mizani itandikwe karatasi, mikono ioshwe kwa sabuni, na visiachwe sakafuni. Hali kadhalika betri hizi za lithiamu: zichajiwe kwa chaja yake yenyewe, juu ya sakafu na si kitandani, mtu akiwapo, na ikivimba isitumike tena hata kama imegharimu.

Walibandika gramu 40 sentimita tano nyuma ya ekseli. Cha ajabu, mizani haikuongezeka 40 upande wa nyuma, iliongezeka 48, na mbele ikapungua nane. Mzigo uliopita ekseli huinua pua ya gari. Madereva wa malori wanalijua hili: shehena ikining'inia nyuma mno, usukani unakuwa mwepesi mkononi, na gari haligeuki unapoliambia. Kwa hiyo kijana alipotaka kuongeza gramu sitini nyingine, baba alikataa. Kijana alijaribu hivyo hivyo, Jumamosi, peke yake. Gari lilipiga mbio vizuri, ila likichelewa kuingia kona, na mkia ukishaanza kwenda haukutaka kusimama, kama kengele ya ng'ombe. Akabandua. Walibaki na 835 nyuma na 685 mbele, yaani takriban asilimia 55 kwa 45.

Kilichowasumbua zaidi ni kulia na kushoto. Gari liliserereka vizuri kona za kulia, lakini za kushoto lilizunguka. Walilisimamisha juu ya ncha mbili za penseli, moja mbele na moja nyuma, katikati kabisa ya chesisi. Likaegemea kushoto, mota iliko. Gramu kumi na tano upande wa kulia zikalinyoosha. Hata hivyo kona za kushoto hazikupona. Hilo liliwachukua jioni tatu, na tunakiri hatukulifuata lote, mpaka baba alipoitazama meza yetu ya chakula, ambayo kwa miaka tumeiwekea karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja. Meza yenye mguu mfupi hukaa juu ya miguu miwili iliyo pembe kwa pembe, hata kama uzito wake uko katikati. Wakapima gurudumu moja moja, matatu mengine yakiwa juu ya vitabu. Naam: la mbele kushoto na la nyuma kulia yalikuwa yamebeba kuliko wenzake. Dawa yake haikuwa kubandika kitu. Ilikuwa ni kuzungusha pete ya springi ya shokapu, robo mzunguko, kupima, robo tena.

Tungependa kuwaambia kwamba yote sasa ni shwari, lakini si hivyo. Wiki iliyopita walirushiana maneno juu ya nywele. Alama za fizikia zimepanda, za hisabati bado. Neno lile la daftari hakuna aliyelitaja tena, wala hatujui kama lilisamehewa au lilipitwa tu. Kijana hakuomba radhi, angalau si mbele yetu. Ila likizo ya Juni, ambayo mwaka jana alikataa katakata, ameomba mwenyewe apande lori hadi Tunduma, akaone ekseli zinavyopimwa. Sisi mama hatujalala vizuri tangu ombi hilo, maana barabara ile tunaijua kwa misiba yake. Baba amesema atampeleka. Mzee wa kanisa amesema tuombe. Tunaomba, na pia tumeuliza kama kiti cha utingo kina mkanda.

Mizani mpya tumenunua. Ya zamani tumewaachia, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: SI YA UNGA.

Juzi usiku baba alipiga simu kutoka kwenye foleni ya mpakani. Zamani angetuuliza sisi kwanza habari za watoto. Safari hii alisema tu, "Nipe huyo bwana." Kijana alikuwa amebadilisha bodi ya gari, ameweka yenye taa, nayo ni nzito zaidi, tena uzito wote uko juu. Tulimsikia akisoma tarakimu, akinyamaza, akicheka kidogo, akisema, "Hapana baba, mbele ndiyo imezidi," kisha akitafuta kalamu. Tulikuwa na habari yetu ya paa linalovuja, tukasubiri zamu. Salio likakatika kabla hatujapewa simu.